Njia ya Mkate ya Chemchemi Mbili

Wauza maziwa wenzangu wa Njombe, nasikia mnasema nimepotea. Sijapotea. Huku niliko kila kona ina kibao, na chini ya kila kibao kuna kibao kingine cha kukieleza. Nimekaa niandike niliyoyaona katika nchi ya Michongomani, kwa utulivu na bila kutia chumvi, ili mkimaliza kusoma mjue kwa nini sijarudi, na mumwambie binti yangu aache kunitangaza redioni.

Nilivyofika huku si habari kubwa. Nilikuwa nimestaafu kuuza maziwa baada ya miaka ishirini na tisa, magoti yangu bado yalikuwa yananikubalia, na maisha yangu yote nilikuwa nimepanda baiskeli nikiwa na madumu mawili nyuma na la tatu mbele. Nilitaka angalau mara moja nipande baiskeli kama watu wanaopiga picha, bila kubeba chochote.

Michongomani ni nchi ya vilima vifupi, kijani mwaka mzima, yenye manyunyu yasiyoamua kama yanataka kuwa mvua. Barabara zake ni nyembamba, zimebanwa pande zote mbili na ua wa michongoma mrefu kuliko mtu aliyepanda baiskeli, na ndipo nchi ilipopata jina. Nyumba ni za mawe yenye rangi ya asali. Kuna kondoo, kuna mabwawa ya bata, na ukimaliza kilima unakuta kanisa. Ni nchi nzuri kwa kweli. Nalisema mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kuwafanya mdhani nina kinyongo nayo.

Mpakani nilipokelewa na Mkaguzi wa Mandhari, Bwana Perivali, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, aliyebana suruali yake kwenye vifundo vya miguu kwa vibanio vya nguo. Kwetu mtu wa mpakani hukuuliza unakwenda wapi. Yeye aliniuliza ningependa kuona nini.

"Nataka tu kufika mji wa upande wa pili," nikamjibu.

"Kufika?" Alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyesikia tusi kanisani. "Bwana Mligo, huku hatufiki. Huku tunapita."

Alikuwa na vitabu viwili vikubwa, Kitabu cha Wageni na Kitabu cha Wakazi, ambavyo huvifunga kwenye keria ya baiskeli yake na kutembea navyo kila aendako. Mtu haruhusiwi kuwa katika vyote viwili. Ukiandikwa katika kimoja, unafutwa katika kingine papo hapo, na ndivyo Michongomani wanavyojua nani ni nani. Aliniandika kwenye cha wageni, akanipa baiskeli nyeusi yenye kikapu mbele, na ndani ya kikapu kulikuwa na maua ya karatasi.

"Sharti ni moja tu," akasema. "Kikapu hicho ni cha kupendeza. Usibebe mzigo wa mtu. Mgeni akimbebea mtu mzigo anakuwa amefanya kazi, na anayefanya kazi huku ni mkazi. Itabidi nikuhamishie kitabu cha pili."

Nilicheka. Mimi, nibebe mzigo likizoni? Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa niwaeleze sheria yao kuu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata. Zamani nchi hii ilikuwa na vijia vilivyonyooka: cha kwenda kwenye kinu cha kusaga, cha kwenda kanisani, cha kwenda kwa mkunga. Halafu wageni wakaanza kuja na baiskeli, wakawa wanasifu. Watu wa Michongomani hawakuwahi kusifiwa, na sifa ikawapanda kichwani. Wakaunda Idara ya Mandhari, nayo Idara ikazipinda barabara ili mgeni asikose bwawa hili wala daraja lile. Baadaye wenyeji nao wakaombwa wapite huko huko, kwa kuwa mtu anayekatiza shambani kwa haraka huharibu picha. Mwisho ikatungwa Sheria ya Sifa. Njia yoyote ambayo mgeni hajaisifu kwa maandishi ndani ya miaka saba hufungwa kwa lango la chuma, na juu yake hupandwa michongoma. Sifa ya mkazi haihesabiwi. Mkazi, sheria inasema, ana maslahi.

Nilimuuliza Bwana Perivali ni nani basi anayefaa kusema njia ni ya maana.

"Asiye na shida nayo," akanijibu, akaonekana kuridhika.

Siku mbili za mwanzo nilipita, kama nilivyoagizwa. Niliona kijiji ambacho duka la mkate limegeuzwa duka la kuuza picha za lile duka la mkate. Niliona mzee aliyeajiriwa kukaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, akiwa na kiko kisicho na tumbaku, ili kijiji kionekane kina utulivu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaumwa mgongo na angependa kusimama, lakini kusimama ni cheo cha mtu mwingine. Sheria nyingine inataka kila dohani ya nyumba itoe moshi saa kumi alasiri, jua liwake lisiwake, kwa sababu mgeni mmoja alisifu moshi mwaka fulani. Mwenye nyumba lazima awashe moto mwenyewe, kwa hiyo saa kumi hakuna mkazi anayethubutu kuwa mbali na kwake.

Kwenye daraja moja nilimkuta mgeni mnene amekaa katikati kwa siku ya tatu, ana mwavuli, anatazama bata. Nyuma yake trekta lilikuwa limesimama tangu juzi.

"Si umwombe asogee?" nikamwambia dereva.

"Ameisifu," dereva akasema, akakunja mikono. "Mgeni akisifu mandhari ana haki ya kukaa mbele yake mpaka achoke yeye. Ungeona mwaka juzi. Tulikuwa na mmoja aliyependa mlango wa zahanati."

Jumatano, karibu na kijiji cha Chemchemi ya Juu, nilisikia harufu ambayo hailingani na nchi ya picha. Ilikuwa mkate, mkate wenyewe, unaotoka kwenye tanuri. Nilifuata pua yangu hadi kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ndogo, na hapo nikamwona Bi Ediza. Ana miaka sabini na mmoja, mfupi, mikono ya mtu aliyekanda unga tangu utotoni. Hakunisalimia. Alitazama maua yangu ya karatasi.

"Wewe ni mgeni?"

"Mgeni kabisa, mama."

"Umeandikwa?"

"Kwa wino."

Alishika kona ya meza, akakaa taratibu, na machozi yakamtoka kabla hajaniambia hata jina lake. Nilidhani nimemkosea kitu. Akajifuta kwa aproni, akanimiminia chai, akanikatia mkate na siagi, ndipo akanieleza.

Ana dada yake, Klementina, mwenye miaka sabini na minane, anayeishi Chemchemi ya Chini. Klementina nyonga zimekufa, hatoki kitini ila kwa shida, na hana tanuri. Kati ya vijiji hivyo viwili kuna kijia cha nusu maili, kinaitwa Njia ya Mkate, kinachopita nyuma ya zizi la ng'ombe. Kila siku kwa miaka arobaini Ediza amepita hapo asubuhi na mkate kwenye kikapu cha baiskeli, akakaa na dada yake, akarudi kuwasha moto wake wa saa kumi. Kwa barabara ya Idara, inayoitwa Njia ya Saba, kutoka Juu hadi Chini ni maili thelathini na moja.

"Na hiyo Njia ya Mkate?"

"Jumamosi saa kumi na moja jioni inatimiza miaka saba bila kusifiwa. Nani atakuja kusifu nyuma ya zizi? Lango la chuma wameshalileta, limeegemezwa pale ukutani." Alinyoosha kidole dirishani. "Wakilifunga, sitamwona tena dada yangu. Yeye hawezi kuja, na maili thelathini na moja mimi siziwezi. Tutakufa kila mmoja na moshi wake."

Nikamwambia nitaipita njia hiyo. Akaniuliza kama nitaisifu. Hapo nilisita, nanyi mnanijua. Sijawahi kusifu maziwa yaliyotiwa maji, hata ya shemeji yangu.

"Nitaisifu kama ina cha kusifiwa," nikasema.

"Haina, kaka yangu. Ina mavi ya ng'ombe." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na nikakata kipande kingine cha mkate.

Kesho yake alinipeleka kwenye kikao cha baraza la kijiji, ambako alikuwa ameomba wakazi waiombee njia yake muda. Nimehudhuria vikao vingi vya ushirika wetu wa maziwa na nilidhani nimeona yote. Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya mlango wa ukumbi. Ilikuwa imeshakubalika kwamba utakuwa wa kijani, miaka minne iliyopita, na sasa walikuwa wanajadili kama ni kijani cha majani yaliyolowa au cha majani makavu. Bwana mmoja alizungumza kwa machozi kuhusu majani yaliyolowa. Ajenda ya pili ilikuwa kama manyunyu ni mandhari au ni kizuizi cha mandhari, na hiyo iliundiwa kamati. Ombi la Bi Ediza lilikuwa chini kabisa, kwenye Mengineyo.

Alisimama, akasema maneno yake kwa ufupi. Ukumbi mzima ulisikitika kwa dhati. Mwenyekiti, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, alitoa leso.

"Ediza, sote tunaijua njia hiyo," akasema. "Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa sababu mkunga aliipita usiku wa mvua. Lakini sisi ni wakazi. Tukiisifu, tutakuwa tumesema tu kwamba tunaihitaji."

Waliandika kwenye kumbukumbu kwamba baraza limeguswa. Kisha walimtazama yule mgeni aliyekaa mwisho wa ukumbi, yaani mimi, kwa macho ambayo sikuyapenda, kwa sababu yalikuwa na matumaini.

Jumamosi ilikuwa ya manyunyu. Bwana Perivali angenisubiri saa kumi kwenye mwanzo wa njia, na vitabu vyake, anifuate nyuma hadi mwisho na kugonga muhuri. Asubuhi hiyo Bi Ediza hakwenda kwa dada yake, kwa hofu ya kuharibu kitu, na mkate wa Klementina ulikuwa umekaa dirishani tangu saa tatu, umefungwa kitambaa cheupe. Ilipokaribia saa kumi Bi Ediza aliingia ndani kuwasha moto. Nikabaki peke yangu na baiskeli.

Nitaeleza kilichotokea kama kilivyotokea. Nilikuwa nakwenda mahali. Kikapu kilikuwa kitupu. Palikuwa na mzigo uliofungwa tayari, na mwenye mzigo alikuwa mahali hapo hapo ninapokwenda. Miaka ishirini na tisa, wenzangu. Mkono wangu ulitoa maua ya karatasi, ukaweka mkate, ukarudisha maua juu yake vizuri, na kichwa changu wakati huo kilikuwa kinatafuta maneno ya kusifia. Sikulificha jambo hilo. Sikuliwaza kabisa.

Njia ya Mkate inaanza na tope. Halafu kuna zizi, na ng'ombe kumi na wawili waliogeuka wote kwa pamoja kunitazama, kisha kuna mimea ya kuwasha inayokufikia magotini, na ubao juu ya kijito. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nitaandika uongo au nitamwangusha yule mama. Ndipo katikati ardhi ikapanda kidogo, nikashusha mguu ili nipumue. Nyuma yangu dohani ya Bi Ediza ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa moshi. Mbele yangu, chini, dohani ya Klementina nayo ilianza. Huku hakuna ua wa michongoma, kwa hiyo unaziona zote mbili ukiwa umesimama mahali pamoja. Nilikaa hapo nikazitazama, nikakumbuka moshi wa jikoni kwa mama yangu niliokuwa nauona nikiwa bado kilimani na madumu matupu.

Mwisho wa njia niliandika: "Katikati ya njia hii mtu anaona nyumba anayotoka na nyumba anayokwenda. Sijaona hivyo mahali pengine popote katika Michongomani." Bwana Perivali alisoma mara mbili.

"Ni sifa," akasema polepole. "Si ya kawaida, lakini ni sifa." Akafungua kibati cha wino, akapuliza muhuri.

Nyumba ya Klementina iko hapo hapo njia inapoishia. Dirisha lilikuwa wazi na yeye amekaa ndani yake, mwanamke mrefu hata akiwa kitini, kichwa cheupe.

"Huo si mkate wa Ediza?" akaita. "Nasikia harufu yake toka ubaoni! Lete, kaka, tangu asubuhi nina njaa."

Nami, kwa furaha, niliinua maua, nikautoa mkate, nikampa dirishani.

Niligeuka nikamwona Bwana Perivali amesimama na muhuri hewani. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na huzuni ya mtu aliyependa kitu kidogo halafu akanyang'anywa.

"Bwana Mligo," akasema, "umefika."

Nilijitetea. Nilisema mkate si mzigo, nilisema ni mmoja tu, nilisema sikukusudia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua Kitabu cha Wageni akanichora mstari, akafungua cha wakazi akaniandika, na ile karatasi yangu ya sifa akaikunja na kuitia mfukoni mwake wa ndani. Maneno ya mkazi hayahesabiwi. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Klementina alikuwa ameuweka mkate mapajani na hakuukata.

Nimewahi kumwaga maziwa ya watu, nimewahi kugonga mbuzi wa mchungaji, lakini aibu kama ile sijawahi kuionja. Nilitaka ardhi inimeze na baiskeli yao juu yangu.

Bi Ediza alitokea akiwa anasukuma baiskeli yake, anahema. Alikuwa amewasha moto, akatazama dirishani kwake, akakosa mkate, akaelewa. Alinitazama. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

"Hata mimi ningeubeba," akasema. Kisha akamgeukia Mkaguzi. "Perivali, kalamu yako bado ina wino?"

"Inao, mama."

"Basi nifute."

"Nikufute wapi?"

"Kwenye kitabu cha wakazi. Uniandike kwenye kile kingine."

Klementina dirishani alisema, "Ediza, acha. Nyumba ya mama." Ediza akajibu bila kumtazama, "Nyumba ya mama haina wewe ndani yake."

Bwana Perivali alifungua sheria, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kuna mistari mingi. Mkazi akijifuta anapoteza nyumba yake, haki ya kuwasha moto wake, haki ya kubeba na kufanya kazi. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuandika kwamba haiwezekani. Alimsomea yote, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Bi Ediza alisema amesikia. Akatia sahihi, na mkono huo uliokanda unga miaka sitini ulichelewa kidogo kwenye herufi ya mwisho.

"Mgeni ametoka wapi?" Bwana Perivali akauliza, maana fomu ina swali hilo.

"Chemchemi ya Juu."

"Amekuwa mgeni tangu lini?"

Bi Ediza alitazama saa ya kanisa. "Tangu saa kumi na nusu."

Mgeni lazima aipite njia yote, na akiwa hana kitu. Alipanda baiskeli yake, kikapu kitupu, akaanza kupanda kurudi juu, na Mkaguzi nyuma yake. Mimi nilibaki dirishani na Klementina. Kutoka pale unaiona njia yote, ubao, mimea ya kuwasha, mgongo wa ardhi na zizi. Ediza alipofika kwenye tope alikaribia kuanguka, na Klementina akashika mkono wangu kwa nguvu.

"Nilimfundisha mimi baiskeli," akasema. "Hapo hapo. Nilimwambia usiegemee kushoto. Bado anaegemea kushoto."

Aligeuza penye lile lango la chuma, akaanza kuteremka. Saa ya kanisa ilikuwa inaonyesha saa kumi na moja kasoro dakika nane alipofika mbele yetu, nywele zimelowa, pumzi hana. Bwana Perivali alimpa kitabu. "Mgeni ameona mandhari gani?"

Ediza alitazama njia aliyotoka. Kisha alitazama dirishani, kwa muda mrefu, kama mtu ambaye kweli ndiyo kwanza amefika. Akaandika, na ninanukuu neno kwa neno, kwa sababu kitabu hicho kiko wazi kwa yeyote: "Mwanamke dirishani mwisho wa njia. Ana mkate mapajani na hajaula. Ningepita popote ili nimwone."

Muhuri uligongwa saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Bwana Perivali alipenga kamasi, akalaumu manyunyu. Nilidhani sasa ataondoka. Lakini aliendelea kusimama na ile sheria mkononi, akifunua kurasa, na alipozungumza alizungumza na kitabu.

"Mgeni akisifu mandhari ana haki ya kukaa mbele yake mpaka achoke yeye," akasoma. "Na Idara itampa benchi. Na kwa kuwa mgeni hana nyumba, atalala katika nyumba iliyo karibu zaidi na mandhari hiyo." Alipiga hatua kutoka mlango wa Klementina hadi dirisha lake. Zilikuwa mbili. "Halafu," akaongeza, akinitazama mimi sasa, "nina nyumba isiyo na mkazi na mkazi asiye na nyumba, na dohani ile haiwezi kukosa moshi kesho saa kumi. Unajua kukanda unga, Bwana Mligo?"

Sikujua. Sasa najua.

Ndiyo maana, wenzangu, sijarudi. Ninalala nyumba ya mama yao. Naamka alfajiri, nakanda, naoka, nafunga kitambaa cheupe, napita nyuma ya zizi na ng'ombe wale wale wanaonitazama kwa pamoja, kisha narudi kuwasha moto wa saa kumi. Mkate wangu wa kwanza Bi Ediza aliusema vibaya sana kutoka kwenye benchi lake, na wa pili pia. Siwezi kusema hana hamu ya nyumba yake. Siku nyingine anatazama ule moshi ninaouwasha mimi na hamalizi sentensi yake, na hapo ninajua kufanya jambo moja tu, kuondoka mapema. Lile lango la chuma bado limeegemezwa ukutani, likisubiri mwaka wa saba mwingine.

Kujifuta naweza, kalamu ipo. Lakini mgeni habebi mkate, na wakazi wengine wote saa hizo wanajadili mlango. Mwambieni binti yangu nitarudi nikipata wa kunipokea kikapu. Na mmoja wenu akija, asikubali kubeba hata kijiko kabla hajaipita njia na kuisifu.

Kila asubuhi nikifika nawakuta hivyo hivyo, mmoja ndani ya dirisha, mmoja nje kwenye benchi, wamegusana viwiko.

"Karibu, mgeni," Klementina humwambia mdogo wake mkate unapofika. "Umetoka mbali?"

"Mbali," Ediza humjibu. "Nusu maili."

Kisha Klementina anaukata mkate mapajani na kupitisha nusu dirishani, na Ediza anaila pale pale, kwa kuwa sheria, tumeisoma yote mimi na Perivali, haina mahali inapomkataza mgeni kula.